Zamu ya Kware

Mume wangu ana wake wawili na kware watano. Wake hukaa walipo. Yeye na kware ndio wanaohama, kila Ijumaa baada ya alasiri: wiki moja kwangu Kuze, wiki moja kwa Mirriam, kule karibu na kivuko cha Feri.

Tuktuk haiingii kichochoroni kwetu. Humshusha kwenye pembe, naye Muhdhar huja kwa miguu, tundu la kware mkononi, limefunikwa kikoi, akitembea taratibu kama aliyebeba sufuria ya uji wa moto. Kwa hiyo Kuze nzima hujua zamu yangu imefika. Shukri, jirani yangu wa mlango wa pili, hutoka barazani makusudi na kazi ya kuchambua mchele ambao nina hakika aliuchambua asubuhi.

"Mejumaa! Wageni wako hawa!" hupiga kelele. "Sita, mmoja ana masharubu!"

Mimi hucheka, maana nisipocheka ataongeza.

Muhdhar anauza leso katika duka moja la Biashara Street, na kwa tabia ni mtu wa kuchelewa. Ule wakati nchi nzima ilipopandwa na wazimu wa kware, kila mtu akiamini mayai yao yatamtajirisha, yeye hakununua hata mmoja. Wazimu ulipokwisha, watu wakawa wanawagawa bure, ndipo akawapenda. Tangu hapo hajawahi kukosa kware. Alipooa mke wa pili nikadhani hatimaye atawaacha. Wapi. Akasema paka wa Mji wa Kale hawana imani, na kware ni kama watoto, hulala alipo baba yao.

Haya, wakawa wanalala alipo baba yao. Lakini walikuwa wakitaga kwa Mirriam.

Kwangu walikuja, siku ya kwanza wakatoa yai, pengine mawili, yale madogo yenye madoa kama yamerushiwa wino. Baada ya hapo kimya mpaka Ijumaa. Wakirudi Feri, haupiti muda Muhdhar anaanza kunisimulia kwa simu: leo matatu, leo manne. Ananisimulia mimi! Tena Shukri, ambaye hajafuga hata njiwa, akanieleza kuwa hata yale ya siku ya kwanza si yangu. "Hayo wamekuja nayo matumboni, shoga. Hayo ni ya kule."

Niliona wivu. Sitafuti neno jingine la kulipamba. Mume kugawanywa nilikuwa nimekubali, kwa sheria na kwa ulimi, ingawa moyo ulikuwa bado unakata rufaa. Lakini kuambulia mabaki ya mayai ya mke mwenza, hilo halikuwemo katika makubaliano.

Na afadhali Mirriam angekuwa mzuri. Nilikuwa nimemwona mara mbili arusini: mfupi, ana mwanya, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kwao ni bara ya Kilifi, anafanya kazi ofisi moja huko bandarini, na alianza kwa kuja dukani kuwanunulia wenzake leso. Mwanamke mzuri ukimwonea wivu unajua unaonea nini. Huyu alinichosha kwa kutafuta.

Basi nikatafuta ndani ya tundu. Chini ya tundu kuna sinia ya bati ya kukingia uchafu, na Muhdhar huiosha Jumamosi, si Ijumaa, kwa hiyo huja na uchafu wa Feri. Ijumaa jioni, akienda msikitini, mimi nikaivuta ile sinia, nikaipeleka dirishani, nikaikagua kwa uma. Mwanamke mwingine hukagua mifuko ya mumewe. Mimi nilikagua mavi ya ndege, na nilipata ya kutosha: vipande vya majani ya mchunga, mbegu za tango, kichwa cha dagaa, na vumbi jeupe ambalo nililiweka ulimini na kujua ni ganda la yai lililosagwa.

Kumbe huwapa vitamu! Mimi nilikuwa nawapa chakula chao cha dukani na maji, kama mfungwa, na mwenzangu anawaandalia.

Nikaanza na mimi. Mchunga, nikanunua fungu zima. Tango nikalikata kama kachumbari. Maganda nikayatwanga kwenye kinu. Muuza samaki akanipa ule mfupa mweupe wa ngisi, nikauning'iniza katikati ya tundu wakawa wanaudonoa. Nao wakafurahi, siwasingizii. Walinijua mpaka sauti ya bangili. Lakini hawakutaga.

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka nikafanya kile ambacho mtu wa kwetu lazima akifanye. Nililelewa kuwa mgeni hula mpaka aseme basi, kisha unamwongeza, kwa sababu basi ya kwanza ni ya adabu. Kware hasemi basi. Nikawapa tende zilizotolewa kokwa. Nikawapa mkate wa kumimina, na nazi yake, na iliki yake. Nikawapa yai la kuchemsha, kisha la pili. Nikawapa kaimati moja, nikawavunjiavunjia, na shira ikawaganda midomoni. Chakula cha dukani hawakukigusa tena, na kwa nini wakiguse? Nilisimama pale kifua mbele nikimwambia Mirriam kimoyomoyo: haya, shindana na hili.

Alfajiri Muhdhar aliwakuta wamejikunyata, manyoya yametimka, uchafu wao maji matupu. Mmoja, yule mwenye kifua cha rangi ya mdalasini anayempenda kuliko wote, alikuwa amelala ubavu. Muhdhar akamtoa, akamweka kiganjani, akamtia matone ya maji mdomoni kwa kidole. Nilisimama mlangoni na mkono wangu ukinukia iliki.

"Umewapa n'ni, Mejumaa?"

"Vitu vizuri."

"Vitu vizuri vya nani?"

Hakunigombeza. Muhdhar hagombezi, na hiyo ndiyo adhabu yake. Alikaa na yule ndege mpaka akasimama kwa miguu yake, kisha akasema, bila kuniangalia, "Ijumaa wakenda Feri, hawarudi tena. Watakaa kule. Hapa hawana raha."

Hapa hawana raha. Alisema kware, nami nikasikia jina lake mwenyewe. Mtu anaanza kwa kuacha tundu upande mmoja. Kisha nguo za kulalia, kisha dawa zake za presha, na siku moja unasikia wiki yako imekuwa siku tatu kwa sababu ndege wanaumwa. Ijumaa ile nilimwona anakwenda na tundu mpaka akakata pembe, na Shukri, kwa mara ya kwanza, hakusema neno. Hilo liliniumiza kuliko mzaha wake wote.

Kesho yake nikajitanda buibui, nikatia katlesi katika sahani, nikafunika kwa kawa, nikapanda tuktuk kwenda Feri.

Tangu Mirriam aolewe sikuwa nimekanyaga kwake. Anakaa ghorofa ya pili, katika jengo ambalo chini yake wauza machungwa na chaja za simu wanawapigia kelele watu wanaowahi kuvuka. Muhdhar alikuwa dukani, nilihakikisha. Nikapiga hodi.

Alifungua akiwa na leso kiunoni na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Aliponiona alishika mlango.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. N'lipita tu."

Hakuna apitaye Feri na sahani ya katlesi chini ya kawa, lakini alinipokea kama kweli nimepita. Akanikalisha, akaenda kutia chai. Nikaangalia. Kochi la kawaida, pazia la kawaida. Tundu lilikuwa dirishani, na kware wote watano, pamoja na yule wa mdalasini, walikuwa wakijimwagia mchanga katika bakuli. Pembeni kulikuwa na mayai mawili. Hayakuwa na haya hata kidogo, yamekaa tu pale.

Chai ilipofika sikuzunguka.

"Wawapa n'ni hawa ndege?"

Mirriam hakushangaa swali. Akainuka, akaniletea kikopo: mchunga umekatwa laini, dagaa wawili wamepondwa, ganda la yai. "Haya tu. Kijiko kimoja cha chai, jioni. Shibe yao ni kile chakula cha dukani. Haya ni ya kuwafurahisha."

"Mimi n'nawapa hayo hayo. Na zaidi."

"Zaidi ndiyo iliyowaumiza, dada," alisema polepole, akitazama kikombe chake. "Lakini usidhani wanataga kwa sababu ya mchunga. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwaka jana umeme uliharibika jengo zima, tukakaa na mishumaa, na hawakutaga kabisa ingawa nilikuwa nawalisha vile vile. Uliporudi, wakaanza. Kware anataka mwanga mrefu. Jua likizama, taa iendelee. Kwako mnazima saa ngapi?"

"Akisharudi isha. Akila, hulala."

"Mapema hivyo?" Alishangaa kweli, sikuona hila usoni mwake. "Hapa taa haizimwi mpaka saa tano. Mzee akianza maneno yake, nani atalala?"

Akatia mkono mdomoni. Lilikuwa limeshatoka.

Jamani, nimeishi na Muhdhar tangu masharubu yake yalipokuwa uzi mmoja. Nimemzalia mabinti wawili na nimewaoza. Kwangu, akishaswali isha na kula, hufumba macho na kusema, "Zima taa, mama, mato yaniuma," na ukimwuliza habari za duka, hujibu, "Hali ni ile ile." Chumba chetu ni cha zamani, kuta nene, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Taa ikizimwa humo, ni giza la kisima. Nami kwa miaka nimelala kando yake nikidhani kazi inamchosha, nikimhurumia, nikimkanda miguu. Kumbe maneno anayo. Anayabeba kwa tuktuk, pamoja na kware, anakuja kuyamwaga Feri.

"Maneno gani?" niliuliza.

"Dada, tuyaache."

"Mirriam. Maneno gani?"

Akavuta leso yake kiunoni, akaifunga upya.

"Maneno yako wewe," alisema. "Karibu yote ni wewe. Ile siku ulipomwagia paka maji kutoka dirishani ukampata bwana harusi wa watu. Ile siku wali uliungua kwa sababu ulikuwa unagombana na muuza maziwa, na ukamlazimisha muuza maziwa aule. Namna unavyoimba ukidhani hakuna mtu. Akifika hapo kwa muuza maziwa hucheka mpaka anakohoa." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Mimi hukaa hapo ulipokaa, nasikiliza. Nami huona wivu, sikufichi. Mimi sina hadithi naye bado. Za ofisini kwetu nikianza, anapiga miayo. Mpaka akutaje wewe ndipo usingizi humwondoka."

Pengine mtu mwingine angefurahi. Mwanamke mwenye moyo mwepesi angelia, akamkumbatia mwenzake, wakawa ndugu. Mimi wivu wangu ulipanda juu zaidi, ila ulipoteza njia, haukujua umshike nani. Nilimwonea Mirriam wivu kwa kusikia. Nikawaonea kware, kwa sababu nao wamesikia, na wametaga kwa hayo maneno. Na zaidi ya wote nikamwonea wivu huyo Mejumaa wa hadithi, mchokozi, mwimbaji, aliyekaa na mume wangu chini ya taa mpaka saa tano huku mimi niko Kuze nalala gizani.

Nikaaga. Sahani kwetu hairudi tupu, na Mirriam alijua. Aliniletea ikiwa na mayai ya kware, yamepangwa juu ya majani ya mchicha yasivunjike.

"Ijumaa watarudi kwako," alisema mlangoni. "Nimeshamwambia. Zamu ni zamu. Sitaki isemwe nimekunyang'anya na ndege."

Nilifika nyumbani nikayachemsha nikayala yote nimesimama, kwa chumvi na pilipili manga. Yalikuwa matamu. Hilo nalo likaniudhi.

Ijumaa Muhdhar akaja na tundu. "Wiki hii tu," akasema, akiliweka chini. "Mwenzio amekataa kukaa nao. Lakini Mejumaa, wakiumwa tena..."

"Hawataumwa."

Nikawapa kijiko kimoja cha mchunga. Mfupa wa ngisi nikauacha. Mkate wa kumimina nilipika, tukala sisi. Baada ya isha akajinyoosha kitandani akasema lile neno lake: "Zima taa, mama."

"Kware wataka mwanga."

"Nani kasema?"

"Mwenzangu."

Akafungua jicho moja. Nadhani alitaka kuniuliza nimeonana naye wapi, na akaona kuwa swali hilo lina mtoto, na mtoto ana mjukuu. Akavuta kikoi akajifunika uso. Nikahamishia tundu chumbani, chini ya taa, nikakaa kwenye kiti. Nikangoja maneno. Hayakuja. Yeye na kikoi chake, mimi na kware wangu, mpaka saa tano.

Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu niliona haya mbele ya ndege, kukaa nao kimya kama tumegombana.

Kabla wiki haijafika katikati, wakati ambao siku zote huwa kimya, yule wa mdalasini alitaga. Kisha mwenzake. Muhdhar aliyashika mayai kama kapewa zawadi ya Idi. "Umeona mchunga ukipimwa?" akaniambia. "Sasa watakuja kila zamu, kama kawaida." Nikamwacha aushukuru mchunga. Nilikuwa nimeshinda, na Shukri akakitangazia kichochoro kizima. Tundu lilikuwa limebaki langu.

Lakini jioni ile, alipojifunika uso tena, niligundua kuwa sikuwa nikitaka tundu.

Nikavuta kiti karibu na kware. Kwa kuwa ilibidi mtu aseme kitu chini ya taa hiyo, nikaanza mimi.

"Sikilizeni," nikawaambia. "N'tawapa habari ya baba yenu. Siku ya kwanza aliponiona ilikuwa Biashara Street, dukani. N'likuwa na mamangu, twatafuta leso za arusi ya shangazi. Yeye alikuwa mwembamba kama mti wa mwavuli. Mamangu akamtajia rangi, naye hakuijua, akashusha leso za rafu nzima, moja moja, mpaka mamangu akahema. Mfanyakazi gani hajui duka lake? Nami n'likuwa nimesimama na buibui langu jipya..."

"Hukuwa na buibui."

Kware mmoja aliinua shingo. Sauti ilitoka chini ya kikoi.

"Ulikuwa umejitanda leso ya mamako, nyekundu. Ilikuwa imetoboka hapa begani."

"Nasema na kware," nikamwambia. "Wewe lala, mato yakuuma."

Kikoi kikatulia. Nikadhani ndiyo basi. Kisha kikashuka mpaka kidevuni, na mume wangu akawa anatazama dari, akipepesa macho kwa ule mwanga.

"Na rangi ile n'liijua," alisema. "Ilikuwa hapa, chini ya mkono wangu, tangu alipoitaja. N'kashusha rafu nzima ili msiondoke."

Nilikuwa na swali, nikalitoa hivyo hivyo na miiba yake.

"Hii nayo umemhadithia Mirriam?"

Kware walikuwa wakiparura mchanga. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Hii, la," alisema. "Hii sijampa mtu."

Sikumwambia kama nimemwamini. Nilimwambia asogee, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na taa nikaiacha inawaka.

"Haya," nikasema. "Mamangu akasema n'ni?"